Lenzi iliyohukumiwa Kibirizi: uchambuzi wa kisa kimoja cha kujaribu kamera

Mpiga picha mmoja mwenye studio ndogo Mwanga, Kigoma mjini, alinunua kamera iliyotumika kutoka kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Kamera ilikuja na lenzi mbili, kwa makubaliano kwamba azijaribu zote, abaki na moja na nyingine airudishe. Kazi zake za kila siku ni harusi, kipaimara, mahafali na picha za pasipoti. Safari hii alikuwa amepata kazi ya aina nyingine. Mteja mwenye nyumba ya wageni alitaka picha kubwa za kutundika ukutani: ndege wa ziwani, watoto wakiruka majini, wavuvi wakirudi na dagaa, vijana wakicheza mpira. Yaani vitu ambavyo havikai vikamsubiri mpiga picha apange taa.

Kamera yenyewe ni ya kioo cha kuakisi ndani (DSLR), sensa ya APS-C, yaani ile ya ukubwa wa kati, megapikseli 24, na inapiga picha 5 kwa sekunde. Lenzi ya kwanza ni ya milimita 70-300, ambayo ikiwa 300 haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia mwingi). Ni nyepesi na bei yake ni ya kawaida. Ya pili ni 70-200 f/2.8, nzito, ile ambayo kila anayepiga harusi anaitamani tangu siku ya kwanza. Siku chache tu baada ya mzigo kufika, hukumu ilikuwa imeshatoka. "Kaka, hii 70-300 haina makali. Kila kitu kimelala. Naibakiza f/2.8."

Nilimwomba asirudishe chochote kwanza, aniletee mafaili. Nilisisitiza mafaili yenyewe kutoka kwenye kadi, kwa kuwa picha ikishapita WhatsApp imeshapunguzwa ukubwa, na huwezi kuhukumu kioo kwa picha iliyobanwa. Nasimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona lenzi nzima nyingi zikirudishwa dukani na mbovu zikibakizwa, na anayeumia ni kijana aliyechanga hela yake shilingi kwa shilingi.

Kila faili la kamera hubeba taarifa zake ndani: saa, spidi ya shata (muda ambao mwanga unaingia), apacha (tundu la lenzi, ile namba ya f), ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga), urefu wa lenzi. Picha zile alizozilaumu, zilizopigwa Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapa Kigoma, zilikuwa zinasema habari ileile. Zilipigwa mchana wa saa saba, lenzi ikiwa 300, kwa f/10, 1/250 ya sekunde na ISO 100. Fokasi ilikuwa kwenye mtindo wa kushika mara moja na kubaki hapohapo. Mbele ya lenzi kulikuwa na kichujio cha UV cha bei rahisi, cha kulinda kioo. Alikuwa ameambiwa kwamba lenzi ikifungwa kidogo inakuwa kali zaidi na kwamba ISO ndogo inatoa picha safi. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini ukiyaweka pamoja kwenye lenzi ya 300 na ndege anayeruka, umebaki na 1/250, na spidi hiyo haimtoshi.

Picha isiyo na makali ina washukiwa kadhaa kabla hujafika kwenye kioo, na kila mmoja huacha alama yake. Mkono ukitikisika, kila kitu kwenye picha huvutika upande mmoja, pamoja na mawe na nguzo. Kitu kikienda kasi kuliko shata, mawe yanabaki makali na kile kitu peke yake ndicho kinachovutika. Fokasi ikikosea, tafuta vizuri utaona mahali pengine palipo pakali: maji ya mbele ya ndege, au matete ya nyuma yake. Hewa ikiwa inacheza kwa joto, mstari ulionyooka unakuwa kama nyoka, na picha mbili zilizofuatana hazifanani. Kioo kikiwa kibovu, ubovu unakaa pale pale kwenye fremu, picha baada ya picha, uwe umepiga ndege au ukuta.

Mshukiwa wa mwisho husahaulika kabisa, nao ni umbali. Mdiria yule wa rangi nyeusi na nyeupe anayeonekana kila mahali ufukweni ana urefu wa kama sentimita 25. Kwa kamera hii, lenzi ikiwa 300, fremu ya umbali wa mita 60 ina upana wa karibu mita 4.7. Mdiria anapata pikseli kama 320 kati ya 6,000 za upana wote. Ukimkata umjaze ukutani, hakuna lenzi duniani itakayokupa manyoya. Nusu ya picha alizozilaumu zilikuwa za namna hii: ndege wa mbali, amekatwa, amekuzwa.

Kwa hiyo tulikubaliana kujaribu upya, na kwa kila jaribio tubadilishe kitu kimoja tu. Mganga akimpa mgonjwa dawa nne kwa mpigo na akapona, hajui ni ipi iliyomponya, na kesho hajui ampe nini mwingine.

Ukaguzi wa kamera haukuchukua muda. Tulisoma idadi ya milio ya shata, tukapiga picha ya anga kwa f/16 kuona vumbi la sensa, tukajaribu vitufe vyote na betri. Kamera ilikuwa nzima.

Kisha tukatafuta ukuta. Kigoma haina shida ya kuta za matofali ya kuchoma, na kwa kazi hii ukuta wa matofali ni bora kuliko karatasi yoyote ya majaribio. Mistari ya saruji imenyooka, tofali lina vinyweleo vidogo, na ukuta unajaza fremu hadi pembeni. Tulichagua ulio kwenye kivuli ili jua lisiubadilishe kati ya picha moja na nyingine. Kamera ilikaa kwenye tripodi, lenzi ikatazama ukuta moja kwa moja bila kuinama, shata ikaachiwa kwa saa ya sekunde 2 ili kidole kisitikise, na fokasi ikashikwa kwa skrini ya nyuma, picha ikiwa imekuzwa. Kichujio cha UV kilivuliwa.

Lenzi ya 70-300 ikashangaza. Kwenye 70 na 200 ilikuwa safi kona zote nne. Kwenye 300 kwa f/5.6 kona zililegea kidogo, kushoto sawasawa na kulia, juu sawasawa na chini, na kwa f/8 zikakaza. Hiyo ndiyo tabia ya kawaida ya lenzi ya daraja lake. Tulirudisha kichujio, tukapiga tena bila kugusa kitu kingine, na pale 300 mistari ya saruji ikapoteza ukali waziwazi. Kioo bapa kisicho na ubora mbele ya lenzi ndefu kinaharibu zaidi kuliko mbele ya lenzi fupi, kwa sababu kila kosa lake dogo linakuzwa pamoja na picha. Hapo tayari sehemu ya hukumu ya kwanza ilikuwa imeanguka, na kilichoiangusha ni kichujio kinachouzwa bei ya chakula cha mchana.

Ile 70-200 f/2.8 ilikuwa na habari nyingine. Katikati ilikuwa kali ajabu. Upande wa kulia ulikuwa mzuri. Upande wa kushoto, kuanzia kama theluthi ya fremu, matofali yalikuwa yamelegea kana kwamba yamepakwa mafuta, na kwa f/4 bado yalikuwa hivyo. Kijana akasema labda tripodi haikuwa sawa na ukuta, na hoja yake ilikuwa halali: kamera ikiwa imepinda kidogo, upande mmoja wa ukuta unakuwa mbali kuliko mwingine na kwa f/2.8 hilo linaonekana. Kuna njia rahisi ya kumaliza ubishi huo. Tuliigeuza kamera juu chini, tukapiga ukuta uleule. Kama kosa ni la kupinda, ulegevu hubaki upande uleule wa ukuta. Kama kosa ni la lenzi, ulegevu husafiri na kamera. Ulisafiri. Matofali yaliyokuwa makali sasa yakalegea, na yale ya mwanzo yakakaza. Ndani ya lenzi ile kioo kimojawapo hakikuwa kimekaa katikati yake, pengine kwa kuanguka zamani au kufunguliwa na fundi. Kwa nje haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Hiyo haikuwa shida yake pekee. Kamera ya kioo ina njia mbili za kushika fokasi. Ukichungulia kwenye kijicho, kazi inafanywa na kifaa maalumu kilichokaa chini ya kioo. Ukitumia skrini ya nyuma, kazi inafanywa kutoka kwenye sensa yenyewe. Njia hizi zinaweza kutofautiana, na mpiga picha za haraka hutegemea ile ya kijicho. Tulipanga chupa za soda mezani kwa mstari wa mshazari, kila moja nyuma kidogo ya mwenzake, tukasimama mita 5, lenzi ikiwa 200 kwa f/2.8. Hapo kina cha ukali, yaani sehemu inayotoka kali, ni kama sentimita 7 tu, mbele na nyuma kwa pamoja, hivyo kosa dogo halina pa kujificha. Kwa skrini ya nyuma chupa ya katikati ilitoka kali hadi maandishi ya lebo. Kwa kijicho, kali ilikuwa chupa ya mbele yake, kila mara. Kosa hili linarekebishika kwenye menyu ya kamera nyingi za daraja la kati, na tulipolirekebisha chupa ya katikati ikakubali. Upande wa kushoto uliolegea haukuwa na menyu ya kuurekebisha.

Ningekuwa mimi ningeishia hapo na kuirudisha. Lakini kijana alikuwa na swali la haki: ukuta haukimbii, na mteja hakuagiza picha za ukuta. Je, hiyo 70-300 itaweza kazi yenyewe? Kwa hiyo tukaenda majini.

Upande wa Bangwe kuna mawe yanayoingia ziwani, na mchana wa Jumamosi watoto hawatoki pale. Tuliomba ruhusa kwa wazazi waliokuwa wakifua hapo jirani, tukawaeleza picha ni za nini, wakakubali. Watoto wenyewe hawakuhitaji kubembelezwa. "Anko, nipige mimi! Anko, mimi naruka kichwa chini!"

Nilichagua jaribio hili kwa makusudi. Mtoto anayeruka kutoka kwenye jiwe, ukimpiga kutoka ubavuni, hakukaribii wala hakuachi. Anashuka tu, umbali ukibaki uleule. Unaweza kushika fokasi kwenye ukingo wa jiwe kabla hajaruka, ukaifunga, na kwa 300 f/5.6 kwenye mita 20 kina cha ukali kinakaribia mita 1, kwa hiyo hata akichepuka kidogo bado yumo. Fokasi imeondolewa kwenye kesi. Mkono nao tukauondoa kwa tripodi. Linabaki swali moja: shata.

Jiwe lile lina kimo cha kama mita 3 juu ya maji. Mtoto akijiachia kutoka hapo, anafika majini kwa karibu sekunde 0.8, na mwendo wake anapogusa maji ni kama mita 7.7 kwa sekunde. Kwa 1/250, katika muda ambao shata iko wazi, ameshuka sentimita 3. Fremu ya umbali ule ina upana wa mita 1.57 tu, hivyo sentimita 3 hizo ni karibu pikseli 120. Ukichapisha A3, uso wake umevutika milimita 8 kwenye karatasi: macho yamekuwa mistari. Kwa 1/2000 anashuka chini ya milimita 4, pikseli kama 15, na kwenye A3 ni milimita 1. Uso unasomeka, na matone ya maji yanayomruka kidoleni yanaonekana moja moja.

Tulipiga kwa 1/250, kisha 1/500, 1/1000, 1/2000, lenzi ileile, apacha f/5.6 bila kubadilika, ISO ikipanda kufidia. Ukizipanga picha hizo kwenye kompyuta huhitaji maelezo. Ile ya kwanza ndiyo picha aliyoileta kutoka Kibirizi, na ile ya mwisho ndiyo aliyotaka mteja. Mvulana mmoja alikuwa amebana pua kwa mkono mmoja, na kwenye picha ya 1/2000 unaona kucha zake na chembe za mchanga zilizoganda kwenye kiganja. Lenzi "isiyo na makali" ilihesabu mchanga.

Kijana alikuwa anaogopa ISO. Lakini jua la Kigoma likiwa wazi, kwa f/5.6 na ISO 400 unapata karibu 1/3200. Hujafika hata kwenye ISO inayotisha. Kituliza-mtikisiko cha lenzi nacho kilimpoteza: alidhani kwa kuwa kimewashwa, 1/250 inatosha. Kituliza-mtikisiko kinatuliza mkono wa anayepiga. Hakina uwezo wowote juu ya mtoto anayeanguka.

Kuna jambo jingine la kamera inayopiga 5 kwa sekunde. Ruko lile la sekunde 0.8 linakupa picha 4 tu tangu mguu unapoacha jiwe hadi maji yanaporuka. Kubonyeza na kuomba Mungu hakusaidii. Unamwangalia mtoto kwa jicho la pili lililo wazi, unabonyeza magoti yake yanapojikunja, na mfululizo wako unaanza mahali unapopataka.

Ndege walikuwa jaribio la upande wa pili. Mdiria ana tabia moja ya kumbariki mpiga picha: kabla hajapiga mbizi husimama hewani juu ya maji, akipiga mabawa, kichwa kikiwa kimetulia kabisa kinatazama chini. Kwa sekunde hizo umbali haubadiliki sana. Tatizo ni kwamba ni mdogo, na nyuma yake kuna maji yanayometameta, na kamera ikipewa uhuru wa kuchagua pa kushika hushika mametameta. Tulibadilisha mambo mawili, moja baada ya jingine. Kwanza mtindo wa fokasi, kutoka ule wa kushika na kubaki kwenda ule wa kufuatilia, ambao kwenye Canon huitwa AI Servo na kwenye Nikon na Sony AF-C. Pili, tukaacha nukta moja tu ya katikati ikiwa hai. Mabadiliko yote mawili yalionekana, lakini la nukta lilisaidia zaidi. Na tukasogea. Mtumbwi mmoja uliofungwa ulitupa pa kukaa karibu na nguzo anayopenda kutua, kama mita 20, na mdiria wa pikseli 320 akawa mdiria wa pikseli 950. Hakuna hela iliyotumika.

Furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, alitufundisha mwanga. Kichwa chake cheupe mbele ya kilima cheusi kinaungua, kwa kuwa kamera inapima kilima na kuangaza kila kitu. Kupunguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (hatua moja ni kuufanya nusu au mara mbili) kulirudisha manyoya ya kichwa.

Hapa niseme kuhusu mwanga wa Kigoma, maana wengi hujaribu kamera wakati mbaya kisha wakailaumu. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini Kigoma iko karibu nyuzi 10 magharibi ya Dar es Salaam, hivyo jua letu linachomoza na kuzama kama dakika 40 nyuma ya lao. Mji unatazama ziwa upande wa magharibi na una vilima mgongoni. Asubuhi jua linatoka nyuma yako na kuwamulika usoni wavuvi wanaorudi. Jioni linakupiga machoni kutoka upande wa Kongo. Picha za Kibirizi zilipigwa mchana, juu ya mchanga wa moto ambako dagaa walikuwa wameanikwa, lenzi ikitazama mitumbwi ya mbali. Tulirudi mahali palepale saa ileile tukapiga mtumbwi mmoja uliotia nanga, mfululizo, kwa tripodi. Kwenye picha moja ubavu wa mtumbwi ulikuwa na wimbi karibu na tezi, kwenye inayofuata wimbi limehamia omo. Hiyo ni hewa. Asubuhi yake, kabla mchanga haujapata moto, mtumbwi wa umbali uleule ulisomeka jina. Na kiangazi, moshi wa nyika zinazochomwa ukitanda hadi milima ya ng'ambo ikapotea, usijaribu kitu chochote cha mbali. Jaribu vya karibu au ngoja mvua isafishe anga.

Mpira sitauelezea kwa urefu. Mechi za alasiri kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, nyumbani kwa Mashujaa FC, zina mwanga wa kutosha, kwa kuwa saa 10 ya huku jua bado liko juu. Sisi tulitumia uwanja wa mtaani. Jambo moja tu lilihitaji jaribio lake: mchezaji anayekuja moja kwa moja kwenye kamera. Akikimbia mita 7 kwa sekunde, kati ya picha moja na nyingine anasogea mita 1.4, na akiwa mita 15 kina cha ukali kwa 300 f/5.6 ni kama sentimita 56. Fokasi isipomfuatilia, picha ya pili ameshatoka nje. Hapa 70-300 ilionyesha udhaifu wake wa kweli. Injini yake ya fokasi ni ya taratibu. Kwa mkimbiaji wa mbali ilimfuata vizuri, akikaribia sana ikaachwa nyuma. Dawa yake ni kuachia mfululizo mapema, akiwa bado mbali, na kutomsubiri ajaze fremu. Ni udhaifu wa kuishi nao, na nilimwambia waziwazi kwamba 70-200 nzima ingemshinda hapo.

Udhaifu wa pili ni jioni. Jua likizama, f/5.6 inakuwa nyembamba. Pale f/2.8 inapokupa 1/500, f/5.6 inakupa 1/125 kwa ISO ileile. Fokasi nayo ikaanza kwenda na kurudi bila kushika. Mteja alitaka pia picha ya mitumbwi ya dagaa ikitoka na taa zake. Kijana akasema, basi hapa ndipo f/2.8 inapohitajika. Nikamkumbusha kwamba kwenye begi lake la harusi ana 50 f/1.8, inayopitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Mitumbwi inatoka kwenye mwalo, unaweza kusimama karibu nayo, na huhitaji 300 kabisa. Inabidi tu kuchagua siku, kwa sababu mbalamwezi ikijaa wavuvi hupumzika: taa zao hazivuti dagaa kukiwa na mwezi mkubwa.

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi. Kazi aliyoagizwa, ukiacha ile ya mitumbwi ya jioni, 70-300 inaiweza, bila kichujio, asubuhi kwa vitu vya mbali, kwa 1/2000 na fokasi ya kufuatilia. 70-200 ilikuwa na kosa moja la kurekebishika na moja lisilorekebishika Kigoma. Kwa mfanyabiashara alituma picha mbili za ukuta, ya kamera iliyosimama na ya kamera iliyogeuzwa, pamoja na maelezo mafupi ya jinsi zilivyopigwa. Mzigo ulipokelewa bila ubishi na hela ikarudi. Alibaki na lenzi aliyokuwa ameihukumu. Sehemu ya hela alinunua kadi ya kasi zaidi, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inaifanya kamera isimame katikati ya mfululizo ikisubiri kuandika.

Swali aliloniletea baadaye ni la Gombe. Mteja ameona picha za watoto wa jiweni, sasa anataka na sokwe. Boti zinatoka Kibirizi, na hifadhi haiko mbali, lakini kwa kazi ile sitamwambia aende na 70-300 peke yake. Msitu una kivuli kizito, flashi hairuhusiwi, na sokwe ni weusi: kamera ikiachiwa ipime yenyewe hutaka kuwafanya wa kijivu, inapunguza spidi ya shata, na wewe unapata sokwe aliyepauka na aliyevutika kwa pamoja. Kupunguza hatua moja kunasaidia yote mawili, lakini hakutoshi kuifikisha f/5.6 panapotakiwa. Sokwe wa Gombe wamezoea watu, tangu kazi aliyoianza Jane Goodall pale mwaka 1960, kwa hiyo wanaonekana kwa umbali ambao milimita 200 zinatosha. Pale ndipo mahali pa 70-200 f/2.8. Nimemshauri aikodi kwa safari hiyo, na kabla hajalipa aende nayo kwenye ukuta wa matofali, apige mara moja kamera ikiwa imesimama na mara moja ikiwa imegeuzwa.